Kabla ya kuchukua fomu: namna ya kujiandaa kuwa kiongozi wa serikali ya wanafunzi

Kuhutubia watu mbele ya kantini ni sehemu ndogo sana ya kazi ya serikali ya wanafunzi, lakini ndiyo pekee ambayo wagombea wengi huifanyia mazoezi. Kura zikishahesabiwa, kazi huhamia mezani. Mwanafunzi amesimama mlangoni na fomu ya usajili mkononi, bumu lake (pesa ya mkopo ya kujikimu) halijaingia, mwenye nyumba kule Msewe anadai kodi. Hapo sauti nzito haimsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kiongozi anayejua ofisi gani inashughulika na nini, nani anasaini, na barua ya mwezi uliopita imekaa kwenye faili gani.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, hapa Tanzania, anayefikiria kuingia uongozini: DARUSO pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), UDOSO Dodoma, SUASO Morogoro, au jina lolote linalotumika chuoni kwako. Vyeo havitofautiani sana: rais na makamu, waziri mkuu, mawaziri wa mikopo, malazi, afya na fedha, spika na wabunge wake, katibu, na chombo cha kusikiliza mashauri. Maandalizi ya maana yanataka karibu mwaka mzima wa masomo kabla ya fomu. Anayeanza wiki mbili kabla ya uchaguzi anajiandaa kushinda. Kuongoza atakuja kujifunzia kwenye migongo ya wenzake.

Hatua ya kwanza: isome katiba ukiwa na kalamu

Nenda ofisi ya serikali ya wanafunzi, au kwa Mshauri wa Wanafunzi, ukaombe nakala ya katiba. Ukijibiwa "ipo kwenye grupu", shukuru, kisha omba iliyopitishwa rasmi. Matoleo yanayozunguka WhatsApp mara nyingi ni rasimu, au ni ya kabla ya marekebisho ya mwisho, na kuna watu wameenguliwa kugombea kwa kufuata ibara ambayo ilishafutwa.

Soma mara ya kwanza moja kwa moja mpaka mwisho. Mara ya pili soma ukitafuta majibu, na pembeni ya kila jibu uandike namba ya ibara. Mgombea anatakiwa awe na GPA (wastani wa alama) ya ngapi, na je, mwenye sapu (mtihani wa marudio) anaruhusiwa? Akidi ya bunge ni wajumbe wangapi? Rais akitaka kutumia fedha nje ya bajeti anaomba kwa nani? Waziri anaondolewaje? Matokeo ya uchaguzi yakipingwa, malalamiko yanapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi? Ukiweza kuyajibu hayo bila kufungua karatasi, tayari umewazidi nusu ya watakaosimama nawe kwenye mdahalo.

Halafu chukua waraka ambao wagombea hawaugusi kabisa: sheria ndogo za nidhamu ya wanafunzi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 inatambua jumuiya za wanafunzi, lakini katiba yenu hupata nguvu baada ya kuidhinishwa na mamlaka za chuo. Ibara yenu ikigongana na sheria za chuo, itakayoanguka ni ya kwenu. Afadhali ulijue hilo ukiwa umekaa chumbani kwako kuliko kulijulia mbele ya kamati ya nidhamu.

Msomaji aliye Kenya aangalie jambo moja la ziada. Marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya 2016 yaliondoa utaratibu wa kila mwanafunzi kumpigia rais kura moja kwa moja. Wanafunzi huchagua wajumbe, wajumbe ndio huchagua viongozi, na kiongozi hukaa mwaka mmoja akiwa na nafasi ya kurudi mara moja tu. Kwa hiyo huko, ujuzi wa kukaa na watu wachache na kujenga hoja unalipa kuliko kipaza sauti.

Hatua ya pili: uwe CR kwanza

Hakuna shule ya uongozi chuoni inayoizidi nafasi ya mwakilishi wa darasa, yaani CR. Haina posho, haina gari, hakuna anayekuita mheshimiwa, na lawama zake zinaingia kwenye simu saa tano usiku. Ndiyo maana inafundisha.

Chukua tatizo la kila muhula: kozi mbili zimewekewa testi Jumatano, saa nne asubuhi. CR mchanga ataandika kwenye grupu "jamani tunaonewa", zitafuata meseji mia, na Jumatano itafika vilevile. CR anayejifunza kazi anafanya hivi. Anapiga picha ratiba zote mbili. Anaorodhesha majina ya wanaosoma kozi zote mbili, kwa sababu swali la kwanza la mhadhiri litakuwa "mko wangapi?" Anakwenda kuulizia ukumbi ulio wazi Alhamisi au Ijumaa. Kisha anamfuata mhadhiri mwenye darasa dogo, maana huyo ndiye rahisi kusogeza, na anamwambia: "Shikamoo Dokta. Tuko 34 tunaosoma kozi zote mbili. Ukumbi uko wazi Ijumaa saa mbili hadi saa nne, na mwenzako hana pingamizi." Mhadhiri anayeletewa tatizo pamoja na ukumbi hana sababu ya kukataa. Likishakubalika, CR anaandika grupuni ujumbe mmoja tu: kozi, siku, saa, ukumbi, na jina la aliyeidhinisha. Mjadala unafungwa.

Ukifanya hivyo kwa mihula miwili, utakuwa unajulikana kwa makatibu muhtasi wa idara, kwa wahadhiri na kwa watu wa ratiba. Makatibu muhtasi hasa. Wagombea huhangaika kufahamiana na wakuu wa idara huku wanaojua barua imekwama wapi ni wao.

Hatua ya tatu: ijue njia ya pesa ya mkopo mpaka mwisho wake

Hata kama huna mkopo, hapa ndipo utakapopimwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005, na tangu hapo malalamiko mengi yanayofika ofisi ya serikali ya wanafunzi yanaihusu kwa njia moja au nyingine. Kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 60 hiyo ni 600,000. Kwa mtoto wa mkulima aliyepanga chumba Ng'ong'ona, nje kidogo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, hiyo ni kodi, unga, nauli, kurudufu notsi na vocha, na mara nyingi kuna kitu kinarudi nyumbani. Bumu likichelewa wiki mbili, watu wanalala na njaa. Usilichukulie kama mada ya kampeni tu.

Jifunze pesa inavyotembea. Mwanafunzi anajisajili chuoni. Chuo kinathibitisha kwa Bodi kwamba yupo na anasoma, na kwa wanaoendelea kinapeleka pia matokeo ya mwaka uliopita. Bodi inatoa malipo, mwanafunzi anasaini, pesa inaingia akaunti yake. Isiposainiwa ndani ya muda uliowekwa, inarudi Bodi, na kuifuata huko ni kazi nyingine.

Sasa, mtu akija na kilio cha "sijapata", usianze kupiga simu. Uliza kwanza: wako wangapi wenye tatizo hili? Jibu la swali hilo linakupa nusu ya kazi. Kama chuo kizima hakijapata, jambo liko juu; unahitaji taarifa ya tarehe kutoka kwa afisa mikopo, na uwape watu tarehe hiyo ilivyo bila kuipamba. Kama ni darasa moja au kitivo kimoja, karibu kila mara kuna orodha au matokeo ambayo chuo chenyewe hakijayapeleka, kwa hiyo mlango wa kugonga uko hapo hapo chuoni. Kama ni mtu mmoja, tatizo limo kwenye taarifa zake.

Kwa huyo mmoja kuna mambo ya kukagua kwa utaratibu. Amekamilisha usajili au alilipa ada nusu akaacha? Alisaini? Jina lililo benki linalingana na la chuo, au huku anaitwa Juma Ally na kule Juma Ali? Namba yake ya mtihani wa kidato cha nne imeandikwa sawasawa, hasa kama alirudia mtihani na ana namba mbili? Alihama chuo, akabadili kozi, au aliahirisha mwaka? Hili la mwisho linawaumiza wengi, kwa sababu aliyehama anadhani pesa inamfuata yenyewe. Kuna utaratibu wa kuhamisha mkopo, na lazima vyuo vyote viwili vihusike.

Fungua daftari, au jedwali kwenye kompyuta, lenye namba ya usajili, namba ya kidato cha nne, tatizo kwa sentensi moja, tarehe uliyopokea, ofisi uliyopeleka, jibu na tarehe ya jibu. Siku utakayokutana na afisa wa dawati la mikopo, mpe orodha ya watu 27 iliyopangwa kwa aina ya tatizo. Atakuheshimu. Orodha hiyo isipite kwenye grupu la WhatsApp kamwe, na usikubali mtu akupe nywila ya SIPA, akaunti yake ya mtandaoni kwenye Bodi, "ili unisaidie kuangalia". Akae pembeni yako, aifungue mwenyewe. Siku pesa yake ikipotea hutataka jina lako liwe kwenye maelezo polisi.

Masuala ya bima ya afya yanafanana na haya. Mchango wa mwanafunzi NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) umekuwa 50,400 kwa mwaka kwa muda mrefu, mwanafunzi analipa, kadi haitoki, anaumwa. Hatua ni zile zile: amelipa kwa namba sahihi ya malipo, chuo kimepeleka jina, picha na taarifa zake zimekamilika?

Malazi yana siasa zake. Kubebana kupo, watu wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, na kila uongozi unajua. Kabla hujaahidi kukomesha au kuruhusu, nenda kaone idadi ya vitanda na idadi ya waombaji. Ukishaziona hizo namba utaahidi kwa adabu.

Hatua ya nne: jifunze vikao

Hapa ndipo serikali nyingi za wanafunzi hufia. Watu hukaa saa nne, wanatukanana, wanakula soda na keki, kisha wanaondoka bila azimio hata moja lililoandikwa.

Anza kwa kuhudhuria bunge la wanafunzi kama msikilizaji, ukiwa na kanuni zake mkononi. Sikiliza mtu anavyotoa hoja, nani anaunga mkono, spika anavyokata mjadala na kuwahoji wajumbe. Jifunze tofauti ya kusimama kwa "taarifa" na kusimama kwa "utaratibu", kwa sababu anayezichanganya huzimwa na spika kila mara. Bunge la Dodoma nalo linaonyeshwa. Litazame kwa ajili ya taratibu, vijembe usivibebe.

Kisha jitolee kuwa katibu wa kitu chochote: chama cha wanafunzi wa mkoa wenu, klabu ya mazingira, kwaya, kamati ya mahafali. Kuandika kumbukumbu ni mafunzo makali kuliko kuongoza kikao, maana katibu hawezi kuandika asichokielewa. Tazama kumbukumbu mbili za jambo moja.

Ya kwanza: "Wajumbe walijadili kwa kirefu suala la maji bweni namba 3 na kusikitishwa na hali hiyo."

Ya pili: "Kikao kiliazimia Waziri wa Malazi amwandikie Meneja wa Mabweni kuhusu maji bweni namba 3 kabla ya Ijumaa tarehe 8, na alete jibu kikao kijacho."

Ya kwanza haimbani mtu. Ya pili ina mtu, kazi na siku. Na kikao kijacho, baada ya kuthibitisha kumbukumbu, mwenyekiti anafika kwenye "yatokanayo", anageuka kwa Waziri wa Malazi na kumuuliza mbele ya wote. Yatokanayo ndiyo sehemu ninayoitazama kwanza nikitaka kujua kama kundi fulani linafanya kazi. Wasiofanya kazi huiruka haraka kwenda "mengineyo", wakamwage mambo mapya juu ya yale ambayo hawakuyamaliza.

Ukipata nafasi ya kuongoza kikao, toa ajenda siku mbili kabla, hesabu akidi kabla ya kufungua, na weka dakika kwa kila ajenda. Mjumbe akirudia aliyosema mwenzake, mkatishe kwa upole: "Mheshimiwa, hilo limeshaingia kwenye kumbukumbu, tuongezee jipya." Watu wakizoea kwamba vikao vyako vinaisha saa uliyosema, watakuja.

Hatua ya tano: fedha

Tuseme chuo kina wanafunzi 4,000 na kila mmoja anachangia 5,000 kwa mwaka kwa serikali yao. Hiyo ni milioni 20. Kaa chini uigawanye kwenye karatasi: michezo, ofisi, usafiri wa kufuatilia mambo, misiba na wagonjwa, wiki ya kupokea wanafunzi wapya, uchaguzi ujao. Utaona inavyoisha haraka, na utaona ni kwa nini posho za vikao ndizo zinazoimaliza. Wajumbe 40 wakijilipa 10,000 kila mmoja kwa vikao kumi, milioni 4 zimekwenda, sawa na moja ya tano, na hakuna mwanafunzi aliyepata kitu. Zoezi hili lifanye kwa namba halisi za chuo chenu. Ukishindwa kuzipata, hiyo yenyewe ni taarifa.

Halafu ujifunze maneno ya mhasibu. Pesa ya serikali ya wanafunzi kwa kawaida hukaa kwenye akaunti inayosimamiwa na chuo, na hutoka kwa dokezo linaloeleza shughuli, kiasi na kifungu cha bajeti. Mnapopewa pesa taslimu kwa ajili ya safari au shughuli, hayo ni masurufu, na masurufu hurejeshwa: stakabadhi za matumizi, orodha ya waliolipwa na saini zao, na chenji. Ambaye hajarejesha hapewi mengine, na chuo kinaweza kuzuia shughuli zenu zote kwa ajili ya mtu mmoja aliyepoteza risiti. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) hata kwa maji ya kunywa. Muuza duka asiye na mashine aandike stakabadhi yenye jina, simu na mhuri, na umuulize mhasibu mapema kama ataipokea, kwa sababu wengine hawaipokei.

Mtu mmoja asisaini peke yake. Na rais asishike pesa mkononi, hata kama ni mwaminifu kuliko wote.

Hatua ya sita: kudai na kupewa

Barua ya Kiswahili cha ofisini ina umbo lake na huna haja ya kulibuni upya. Anwani, kumbukumbu namba, tarehe, cheo cha unayemwandikia, "kupitia kwa" kama ipo ngazi katikati, "Yah:" na kichwa cha habari. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" ni sentensi isiyosema lolote, lakini ofisi zimeizoea, iache ikae. Baada yake ingia kwenye jambo:

"Bweni namba 3 halina maji tangu tarehe 4 Novemba. Wanafunzi 312 wanachota maji bweni namba 5, na foleni huanza saa kumi alfajiri. Tarehe 6 tulimweleza Meneja wa Mabweni, naye alisema pampu imeungua. Tunaomba mambo mawili: boza la maji kila siku hadi pampu itengenezwe, na tarehe ya matengenezo. Tutashukuru kupata jibu kabla ya tarehe 12 ili tuwaeleze wanafunzi."

Hakuna tusi, hakuna "tunalaani", na hakuna asiyeelewa kinachotakiwa. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa mapokezi na urudi nayo. Tarehe 12 ikipita, andika kikumbusho kinachotaja barua ya kwanza. Kisha omba kikao. Kisha peleka hoja bungeni kwenu. Kwa mambo ya kitaifa, kama mikopo, kuna TAHLISO inayounganisha serikali za wanafunzi wa elimu ya juu nchini. Kila ngazi uliyopita ukiwa na karatasi inakupa nguvu kwenye inayofuata.

Ndani ya kikao na uongozi wa chuo, muwe watatu hadi watano, mpangane nani anasema nini, na mmoja asiseme kabisa bali aandike. Kabla ya kuagana, soma kwa sauti mlichokubaliana. Jioni hiyo hiyo mpelekee Mshauri wa Wanafunzi muhtasari wa nusu ukurasa. Asipoupinga, ndio utakaotumika.

Mgomo na maandamano yana historia nzito nchini, na kiongozi lazima aijue. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Walikuwa na hoja za kujadiliwa. Lakini mojawapo ya mabango yao lilisema wakati wa mkoloni ilikuwa afadhali, na Mwalimu Nyerere alilishika hilo. Mamia walirudishwa makwao. Mwalimu akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na baada ya hapo hoja ya mishahara ya wanafunzi ilikuwa haina pa kusimama. Bango moja lilimeza mengine yote. Julai 1971 rais wa DUSO, chama cha wanafunzi wa chuo hicho wakati huo, Mkenya Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni baada ya barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, na wenzake wakagomea masomo. Mwaka 1978, wanafunzi walipoandamana kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge, wengi walifukuzwa na DUSO yenyewe ikapigwa marufuku. DARUSO ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sisemi usigome kamwe. Nasema ukague kila neno litakaloandikwa kwenye bango, ujue nani ataongea na waandishi wa habari, na uwe na jibu la swali "wakikubali nusu ya madai, tunarudi darasani?" Asiye na jibu la swali hilo asiite watu Revolution Square, uwanja wa mikutano ya wanafunzi pale Mlimani.

Hatua ya saba: kampeni yenyewe

Nitapita haraka, maana mengi utayaona kwa macho. Ahadi tatu zinatosha, na kila moja iwe na ofisi inayoitekeleza na gharama yake. "Nitaleta intaneti ya kasi" haina mwenyewe. "Nitaomba maktaba ifunguliwe hadi saa sita usiku wiki tatu za mitihani" ina mlango wa kugonga. Wapambe wachache wanaoamka mapema ni bora kuliko msafara wa matarumbeta. Watu wa vyama vya siasa watakutafuta na vocha na fulana; kadi ya chama ni haki yako, lakini deni la kampeni utalilipa ukiwa ofisini, kwa mali ambayo si yako. Ukitumia ukabila, kanda au dini kupata kura za watu 200, umejiondolea uwezo wa kuwatetea waliobaki.

Mabinti bado wanasukumwa kwenye umakamu ili kupamba tiketi ya kijana. Kama unataka urais, chukua fomu ya urais. Andaa mapema mtu wa kuhifadhi picha za matusi yatakayoandikwa mitandaoni, yapelekwe kwa tume ya uchaguzi siku hiyo hiyo yakiwa na tarehe na majina. Hasira ya jukwaani huwapa wapinzani wako kipande cha video wanachokitafuta.

Na masomo? Panga vipindi vyako vizito visigongane na siku za vikao, na uwe na mwenzako wa kukupa notsi. Kiongozi akidisko (akiondolewa chuoni kwa kufeli), hoja zake zote zinadisko naye. Katiba nyingi humvua cheo pia.

Hatua ya nane: siku za kwanza ofisini

Umeshinda. Kabla ya sherehe ya kuapishwa, omba makabidhiano ya maandishi. Mambo ya kupokea: mhuri, funguo, katiba iliyoidhinishwa, kumbukumbu za vikao vya mwaka uliopita, daftari la malalamiko ya mikopo kama lilikuwepo, taarifa ya benki, orodha ya masurufu ambayo hayajarejeshwa na majina ya walioyachukua, na barua zote zilizotumwa bila kujibiwa. Madeni yaandikwe kwa tarakimu. Mtoaji na mpokeaji wote wasaini, Mshauri wa Wanafunzi akiwa shahidi. Kisichokuwepo kiandikwe kwamba hakikuwepo, la sivyo mwakani utaulizwa wewe.

Mtangulizi wako mwalike chai hata kama mlitukanana kwenye kampeni. Muulize ofisi zipi hujibu haraka, zipi hujibu kwa kufuatwa, na ni jambo gani aliliacha likiwa karibu kuiva. Hayo hayamo kwenye faili lolote.

Wateue mawaziri kwa kazi waliyowahi kuifanya. Wizara ya mikopo mpe mtu mvumilivu anayependa majedwali, hata kama hakukupigia kampeni, na huyo mpambe wako mwenye kelele mpeleke michezo. Weka saa za ofisi mlangoni na mzifuate, hata kama ni saa mbili tu kila jioni. Badilisheni nywila ya barua pepe ya serikali, na mhakikishe kurasa za mitandao hazijasajiliwa kwa namba ya simu ya mtu aliyehitimu. Kama ndivyo, mpigieni leo, kabla hajabadili laini.